Waliotwaliwa kwa Sheria Wanadai Majina Yao: Barua ya Wazi kuhusu Wapagazi wa Vita Kuu

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya utamaduni na mambo ya kale, Kenya na Tanzania. Kwa Serikali ya Uingereza. Kwa Serikali ya Ujerumani. Na kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Waheshimiwa,

Salaam. Nawaandikieni nyote katika barua moja kwa sababu deni ninalolidai si la mmoja wenu peke yake, na kwa zaidi ya miaka mia moja kila mmoja amekuwa akimtupia mwenzake.

Deni lenyewe ni la wapagazi. Kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi yetu, na kila upande ukatwaa watu wetu kwa lazima kubeba mizigo ya vita ambavyo hawakuvianzisha. Kwa upande wa Uingereza peke yake wapagazi wanakadiriwa kufikia milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu za kijeshi zenyewe, hawapungui 95,000, na wanahistoria waliozichunguza wanaona kwamba idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Kwa watu wa Kenya ya leo makadirio yanayotajwa mara nyingi ni wafu 45,000, kama mwanamume mmoja katika kila wanane. Australia ilipoteza watu wapatao 60,000 katika vita hivyohivyo, na majina yao yote yameandikwa ukutani katika mji mkuu wao. Wapagazi wetu wengi hawana jina popote, wala kaburi.

Kuna watakaosema kwamba vita ni vita, na kwamba kila nchi iliwahi kuwaita raia wake kwa lazima. Ni kweli. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 1793, na dola nyingine za Ulaya zikafuata katika karne ya kumi na tisa. Mimi sibishani na kila sheria ya kuwaita watu vitani. Nchi inayovamiwa inaweza kufika mahali ikakosa njia nyingine. Ninachobishania ni hiki: serikali inapomchukua mtu bila hiari yake, hapohapo inajitwika wajibu wa kumtolea hesabu. Imjue ni nani. Imsikilize akiwa na sababu ya kutokwenda, imlishe, imlipe. Akifa, iwaambie kwao kafia wapi, na haki yake ifike mikononi mwa warithi wake. Wajibu huu ni mzito kuliko ule wa kumtunza aliyejitolea, maana aliyejitolea alipima mwenyewe kabla hajaondoka.

Tuipime basi sheria iliyowachukua watu wetu. Mwanzoni wapagazi walitafutwa kwa mshahara, na wapo waliokwenda kwa hiari. Walipopungua, serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, Kenya ya leo, ikatunga mwaka 1915 sheria ya kuwakusanya wenyeji kwa lazima wawe wafuasi wa jeshi. Sheria hiyo ilifanya mambo mawili kwa pamoja: ilimwondolea mtu hiari, na ikashusha malipo. Mpagazi ambaye mwanzo angeweza kupata rupia 10 au zaidi kwa mwezi sasa alilipwa rupia 5. Utaratibu wa kawaida wa kazi ni kwamba wafanyakazi wakikosekana, ujira hupanda. Hapa ujira ulishuka, kwa kuwa aliyetakiwa hakuweza tena kusema hapana.

Miezi michache baadaye, Januari 1916, bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwaita kwa lazima wanaume wa Uingereza yenyewe, kuanzia wale wasio na wake wenye umri wa miaka 18 hadi 41. Sheria ile ilikuja na mabaraza ya rufaa katika kila wilaya. Mtu aliweza kusimama mbele ya baraza akasema kwamba yeye ni mgonjwa, au ndiye anayewalea ndugu zake, au kazi yake inahitajika na taifa, au dhamiri yake haimruhusu kuua. Mabaraza hayo mara nyingi yalikuwa makali na yalikataa maombi mengi. Hata hivyo mtu alisimama, akasema, na karani akaandika. Mfalme alikuwa mmoja, vita vilikuwa vimoja. Mpagazi wa Nyanza au wa Ukambani hakuwa na baraza la namna hiyo. Baraza lake lilikuwa chifu, na chifu alikuwa amepewa idadi ya watu wa kutoa.

Chifu aliyeambiwa atoe watu mia moja hakuanza na wanawe. Hilo si la kumlaumu yeye peke yake. Utaratibu uliomweka katikati ndio uliopangwa hivyo. Wasio na mtetezi ndio waliotangulia: vijana wa nyumba maskini, mayatima, wageni waliohamia, na waliowahi kukosana na wakubwa wa kijiji. Wenye habari mapema walijificha porini. Wengine walikimbilia mashamba ya walowezi, kwa sababu aliyekuwa ameajiriwa na mlowezi hakuguswa kirahisi. Angalieni jinsi mambo yalivyojipanga: kijana alichagua kati ya kufa njiani na kumlimia mzungu kwa ujira wowote atakaopewa. Mlowezi ambaye jana alikuwa akilalamika kwamba hapati vibarua, leo alikuwa na vibarua waliomjia wenyewe. Msamaha uliowekwa katika sheria ulimnufaisha mwenye shamba kuliko aliyesamehewa.

Mwaka 1917 hali ikawa mbaya zaidi. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yamefika kusini ya Tanganyika ya baadaye, Rufiji na Lindi, na yalihitaji watu wengi kuliko walivyowahi kukusanywa. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, akapewa kazi ya kusimamia msako mkubwa nchi nzima, na katika miezi michache watu zaidi ya laki moja wakachukuliwa. Kikosi chenyewe cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kilikuwa chini ya Oscar Watkins, ofisa wa utawala ambaye, kusema haki, alipigana na wakubwa wake wa jeshi juu ya chakula na matibabu ya wapagazi. Lakini alikuwa akiomba. Wapagazi hawakuwa na haki yoyote ambayo angeweza kuidai kwa niaba yao.

Naomba mnivumilie kidogo hapa, maana dhuluma hii inaonekana vizuri zaidi kwenye mzigo wenyewe. Kwa nini vita vya karne ya ishirini vilibebwa vichwani? Kwa sababu ya mbung'o. Ng'ombe, farasi, nyumbu na punda walioletwa na majeshi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa ndorobo. Reli zilikuwa chache, barabara za magari zilikuwa chache zaidi, na masika yalizigeuza kuwa tope. Kilichobaki ni binadamu. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi: gunia la unga, kasha la risasi, kipande cha mzinga au cha redio ya jeshi, wakati mwingine ncha moja ya machela yenye majeruhi.

Sasa, mpagazi naye hula. Posho yake kamili ilikuwa karibu kilo moja ya unga kwa siku. Piga hesabu. Akibeba gunia la kilo 25 safari ya siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, na akala kutoka kwenye gunia hilohilo, kinachofika kwa askari aliye mbele ni kilo 5. Safari ikirefuka kwa siku mbili na nusu tu kila upande, haifiki hata punje moja. Jeshi lilipozidi kwenda kusini likimfukuza Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hesabu hii ilizidi kuwabana makamanda, na walikuwa na njia mbili tu za kuisawazisha: kuchukua watu wengi zaidi vijijini, au kuwapunguzia chakula waliopo. Walifanya zote mbili. Mwanzoni mwa 1917, mvua kubwa zilipofunika bonde la Rufiji, watu waliokuwa wakitembea ndani ya maji na mzigo kichwani walipewa nusu ya posho, na kuna siku walipata chini ya hapo.

Na chakula chenyewe kiliua. Watu waliozoea ndizi, au wimbi na mtama, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya au mchele. Ugali unataka moto, sufuria na muda. Mtu aliyetembea kutwa, akafika kambini gizani mvua ikinyesha na kuni zimelowa, hula unga ambao haujaiva. Matokeo yake ni kuhara, na kisha kuhara damu. Wengi wa waliokufa hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa nimonia na kwa malaria. Watu wa nyanda za juu zenye baridi waliteremshwa pwani wakiwa na blanketi moja, na wa nchi kavu wakapelekwa kwenye vinamasi.

Mfano wa Shelisheli unatosha. Desemba 1916 visiwa vile vidogo vilileta watu wapatao 800 kufanya kazi katika vita hivi. Katika miezi michache zaidi ya 300 walikuwa wamekufa, na waliobaki wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa. Hawakuwa wamepigana popote.

Je, haikuwezekana kuwatunza? Iliwezekana, na kuna ushahidi. Mwaka huohuo wa 1917 kikundi cha watu wa misheni za Ugikuyu, kama elfu mbili kasoro, kilikwenda chini ya Dokta John Arthur, mmisionari aliyeshikilia kwamba watu wake wakae pamoja, wawe na wasimamizi wanaoijua lugha yao, na chakula chao kipikwe kikaiva. Vifo vyao vilikuwa vichache mno ukilinganisha na vya wengine. Vita vilikuwa vilevile, mbu walewale, njia zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu aliyewajua kwa majina na aliyejua angeulizwa na wazazi wao akirudi.

Upande wa Wajerumani haukuwa na nafuu. Wao nao walikamata wapagazi kijiji baada ya kijiji, wengi bila malipo yoyote, na walipokuwa wakirudi nyuma walichukua pia nafaka na mifugo. Waingereza walipofika, wakachukua kilichobaki. Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, ukaingia katika njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyoua watu kwa makumi ya maelfu kati ya 1917 na 1920. Hao pia ni wahanga wa utwaaji wa lazima, ingawa hawakubeba mzigo wowote: wanaume waliopaswa kulima walikuwa njiani na makasha ya risasi. Idadi ya wapagazi wa Wajerumani haikuwekwa sawasawa, kwa hiyo hata tukitaka kuwalilia hatujui ni wangapi. Wabelgiji kutoka Kongo na Wareno wa Msumbiji walifanya vivyo hivyo, na huko Barue, Msumbiji, mwaka 1917 watu waliinuka kwa silaha wakikataa kukamatwa kwa ajili ya upagazi.

Wala asije mtu akasema kwamba watu wa wakati ule hawakuiona dhuluma hii. Novemba 1914, vita vikiwa na miezi mitatu tu, mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliliandikia gazeti la huko barua ya kuhoji kwa nini Waafrika wanaitwa kumwaga damu katika ugomvi usio wao. Alisema kwamba wakati wa amani kila kitu ni cha Wazungu peke yao, ila vita vikija ndipo Mwafrika anapokumbukwa kuwa ni sawa na wengine. Waende basi matajiri, wenye mabenki, wenye maduka na wenye mashamba, wakapigwe risasi wao. Wenye mamlaka waliizuia barua hiyo. Januari 1915 Chilembwe akainuka, na mapema Februari akauawa. Simfananishi mtu yeyote naye. Namtaja kwa sababu hoja aliyoiandika kwa upole kabla ya kushika silaha haijawahi kujibiwa na serikali yoyote kati ya hizi ninazoziandikia leo.

Vita vikaisha. Von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Walioponea wakarudi, wengi wakakuta homa kubwa ya mafua ya mwaka ule imewatangulia vijijini. Kisha yakafuata mambo manne ambayo nayataja moja moja ili yasipotee katika maneno ya jumla.

La kwanza ni mishahara. Kila mpagazi aliyekufa alikuwa na ujira wake ambao haujalipwa. Makarani walikuwa wameandika majina kwa kubahatisha, kwa namba, kwa tahajia ambayo mama mzazi asingeitambua. Kwa hiyo warithi hawakupatikana, na fedha zikabaki. Watu wa makoloni haya, wakiwamo baadhi ya maofisa wa kikoloni, waliomba kwamba kama warithi hawajulikani basi fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii walikotoka wapagazi. London ilivutana nao miaka mingi, na mwishowe ikakataa. Serikali ya Uingereza, hili ni deni la mshahara. Si fidia ya machungu, si hisani. Ni rupia ambazo mliahidi wenyewe kwa kazi iliyofanyika.

La pili ni ardhi. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi waliotoka vitani mashamba nchini Kenya, na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi, jamii ambayo nayo ilitoa watu wa vita. Wanajeshi waliopewa ni Wazungu. Mpagazi aliyerudi akiwa hai hakupewa hata ekari.

La tatu ni kipande. Uzoefu wa kuwaandikisha watu kwa namba wakati wa vita haukutupwa. Kuanzia 1919 mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimika kubeba kipande chenye alama zake za vidole na rekodi ya kazi zake, ili asiweze kumkimbia mwajiri. Daftari ambalo halikufaa kuwatafuta warithi wa mishahara likafaa ghafla kuwatafuta vibarua watoro.

La nne ni makaburi, na hapa nazungumza na Tume. Tume yenu ilianzishwa mwaka 1917 kwa msingi mzuri sana: wafu wote wa himaya watendewe sawa, bila kujali cheo wala utajiri. Lakini kwa Afrika Mashariki iliamuliwa vinginevyo. Kumbukumbu zenu wenyewe zinaonyesha kwamba Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na hakupenda kuzitazama takwimu za Waafrika waliopotea. Yakaachwa. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni alieleza kwa nini: mambo yale hayakufika kuwa kashfa, aliandika, kwa sababu tu walioteseka zaidi ni wapagazi, na nani anawajali wapagazi wenyeji?

Badala ya majina tukajengewa sanamu. Dar es Salaam iliwekewa askari wa shaba mwaka 1927, na Nairobi ikapata sanamu zake mwaka 1928. Maandishi ya chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Hapana jina hata moja lililoandikwa pale. Na nchi inayosemwa kuwa walikuwa wakiipigania ilikuwa imewafunga kamba ili waende.

Nakiri kwamba si kila kitu kimebaki kilivyokuwa. Aprili 2021 Tume ilitoa ripoti ya wazi kuhusu ubaguzi huu, ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Nyaraka za zamani za kijeshi zilizohifadhiwa Kenya zimeanza kutoa majina. Na Januari 2025, mjini Cape Town, ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa wakitumikia jeshi bila silaha katika vita hivyohivyo. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti yenye jina lake. Kwa hiyo hakuna atakayenijibu kwamba jambo hili haliwezekani.

Ninyi Waheshimiwa wa Kenya na Tanzania, mengi hayamngoji mtu wa London. Nyaraka za Taifa, Nairobi na Tanzania, ni zetu. Madaftari ya wilaya, orodha za kodi ya kibanda, barua za maofisa waliolalamika kwamba kijiji fulani kimebaki na wazee na wanawake, vyote hivyo viko kwenye maboksi na karatasi zinaoza. Wekeni fedha katika bajeti ya mwaka ujao zipigwe picha zote, zifunguliwe kwa umma bila malipo, na majina yachapishwe kwa wilaya na kwa kijiji, yakiwa yamesahihishwa na watu wanaozijua lugha za huko. Karani aliyeandika jina la Mgogo au Mjaluo mwaka 1917 aliliandika kadiri alivyolisikia. Anayeweza kulirudisha mahali pake ni mzee wa ukoo ule, na wazee waliosimuliwa na baba zao wanazidi kuondoka. Watumeni wanafunzi wa vyuo vikuu wakawasikilize sasa.

Na katika vitabu vya shule, Kariakoo isiishie kuwa soko. Mtoto wa Dar es Salaam anayenunua daftari pale, na mwenzake wa Kariokor ya Nairobi, wajue kwamba mitaa hiyo ilipewa jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na wajue watu wale walitwaliwa kwa sheria ipi.

Nasema haya pia kwa sababu kuwaita watu kwa lazima hakukuishia 1918. Katika Vita vya Pili watu wa Kenya na Tanganyika walichukuliwa tena, safari hii wengine wakipelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya watu binafsi kwa jina la vita. Tanzania huru nayo ina utaratibu wa kuwaita wahitimu wa kidato cha sita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Ulisitishwa mwaka 1994 ukarejeshwa 2013. Siufananishi na upagazi hata kidogo. Orodha ya majina hutangazwa, kila kijana akajua kambi yake, na mzazi akajua amuulize nani. Ndiyo maana nasisitiza majina. Kila serikali inayopenda kuwaita vijana kwa lazima, leo au kesho, ipimwe kwa mambo hayo: orodha iko wazi kwa nani, nani anasamehewa na kwa sababu gani, anayetaka kukata rufaa aende wapi, na atakayeumia au kufa hesabu yake itatolewa na nani. Wenye nafasi wakianza kupata njia za pembeni za kuwatoa watoto wao, sheria hiyo imeshaanza kufanana na ile ya 1915.

Serikali ya Ujerumani, miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwatafuta askari wake wazee waliokuwa bado hai Tanganyika na kuwalipa malimbikizo yao, karibu nusu karne baada ya vita. Hilo lilikuwa jambo la heshima, na linaonyesha kwamba deni la mshahara halifi kwa sababu ya miaka. Lakini walilipwa askari. Wapagazi wenu, ambao bila wao askari wale wasingepiga risasi hata moja, hamjawahi kuwatolea hata makadirio rasmi ya idadi yao. Fungueni kumbukumbu zenu kwa watafiti wetu, na mlipie kazi hiyo.

Kwa Tume, ombi langu ni kwamba kumbukumbu itakayojengwa Kenya na Tanzania isiwe sanamu nyingine ya mtu asiye na jina. Iwe ya majina, na pale ambapo jina halijapatikana iandikwe wilaya na idadi ya waliochukuliwa, na nafasi iachwe wazi ya kuongeza. Isijengwe mijini tu. Aliyetoka Kisii au Singida awekwe Kisii au Singida, mahali ambapo wajukuu wake wanaweza kufika bila kupanda basi usiku kucha. Na makaburi ambayo gavana alitaka yaachwe porini yatafutwe yalipo kabla hayajajengewa nyumba yote.

Kwa Serikali ya Uingereza, nauliza swali moja na naomba lijibiwe kwa maandishi, bungeni kwenu, mbele ya watu: mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo mlikataa kuitoa ilikuwa kiasi gani kwa kila koloni, imekua kuwa kiasi gani kwa thamani ya leo pamoja na riba, na mtailipa lini kwa wilaya ambazo watu hao walichukuliwa?

Wasalaam,
Mwananchi wa Afrika Mashariki